Fuwele ya fotoni inayofungwa kwa baridi

Programu yangu ya kwanza ya kukokotoa upitaji wa mawimbi kwenye tabaka za superkondakta, yaani kitu ambacho kikipozwa vya kutosha hupitisha umeme bila ukinzani, ilinipa jibu nililodhani ni kosa. Nilitarajia picha ya kawaida: masafa ya chini yanapita, linafuata pengo, kisha yanapita tena. Grafu yangu ilianza sifuri ikang'ang'ania sifuri. Siku mbili nzima nilisaka alama ya kutoa niliyoikosea. Haikuwepo.

Fuwele ya fotoni ni vitu viwili vinavyopokezana, tabaka la hiki, tabaka la kile, kwa hatua inayokaribiana na urefu wa wimbi. Kila mpaka huakisi kidogo. Miakisi hiyo ikikutana kwa mwendo mmoja hupeana nguvu, na wimbi hurudishwa lilikotoka: hilo ndilo pengo. Rayleigh alichunguza tabaka za namna hii mwaka 1887. Miaka mia kamili baadaye, Eli Yablonovitch na Sajeev John, kila mmoja kivyake, wakaliendeleza wazo hilo hadi miundo ya pande tatu. Ukitumia vihami pekee, wimbi refu sana halizioni tabaka moja moja. Linaona wastani wake tu, na linapita.

Superkondakta haimezwi na wastani kirahisi hivyo. Ndani yake elektroni hutembea mbili mbili, na jozi hizo husukumwa na uga wa umeme bila ukinzani, kinachozichelewesha ni inesha yao tu, ule uzito wa kubadili mwendo. Kadiri wimbi linavyotikisika polepole, ndivyo zinavyopata nafasi ya kulifuata na kulifuta. Mwaka 1935 ndugu wawili, Fritz na Heinz London, waliandika milinganyo inayoonyesha kwamba uga hufifia ndani ya kina kifupi sana, ambacho leo kina jina lao. Katika niobiamu ni takriban nanomita 40. Katika YBCO, ile kauri ya itriamu, bariamu, shaba na oksijeni, ni takriban 150. Sifuri yangu ilitoka hapo. Na wimbi haliliwi, linaakisiwa. Metali ya kawaida nayo huzuia, lakini hubakiza sehemu ya nishati na kuigeuza joto.

Kilichonifanya nibaki kwenye fani hii ni kwamba kina hicho hutii halijoto. Kwa kielelezo cha Gorter na Casimir cha 1934, sehemu ya elektroni zilizobaki za kawaida (zisizo na jozi) ni uwiano wa halijoto kwa halijoto ya mpito, ile ambayo chini yake kitu huwa superkondakta, ukipandishwa kipeo cha nne. YBCO huvuka mpito kwenye kelvini 92. Ukiipoza kwa naitrojeni kimiminika, kelvini 77, kina kinakuwa nanomita 210 badala ya 150. Ukiiacha ipande hadi 90, kinavuka 500.

Chukua filamu, yaani tabaka nyembamba, za YBCO zenye unene wa nanomita 20, moja kila mikromita 2, na katikati kihami ambamo mwanga hutembea kwa theluthi ya kasi yake ya ombweni. Hesabu ya wastani inasema kwamba karibu na sifuri kamili, kila wimbi lenye masafa chini ya terahetzi 10 na nusu hivi linazuiwa (terahetzi moja ni mitikisiko trilioni kwa sekunde). Kwenye 77 mpaka unashuka hadi 7.6, kwenye 90, hadi 3. Wimbi la terahetzi 5 lililogonga ukuta sasa linapita, na hakuna tabaka lililoguswa.

Linapita likiwa hoi, lakini. Kwenye kelvini 90, asilimia 92 ya elektroni ni za kawaida, na hizo hula nishati kama za metali yoyote. Tena YBCO haikifuati kipeo cha nne kwa uaminifu. Cha pili huikaribia zaidi. Kwa hiyo tarakimu zangu zichukuliwe kama ramani ya mkono.

Linaloniudhi hasa ni makala zinazochora mikunjo safi, isiyo na upotevu wowote, hadi mamia ya terahetzi. Fotoni, ile chembe ya mwanga, ikiwa na nishati ya kutosha huvunja jozi. Katika niobiamu hilo huanza takriban terahetzi 0.7, na juu ya hapo unashughulika na metali baridi tu, hata fomula ikikubembeleza vipi. Siku hizi, kabla sijachora chochote cha niobiamu, huanza kwa kupiga mstari wima mwekundu kwenye 0.7, na kulia kwake siandiki neno "bila upotevu".