Je, wajua? Forodha haiulizi mtoto ana umri gani, inauliza kimo chake

Kontena la nguo za watoto limeshushwa Malindi, bandari ya Unguja, Ramadhani inakaribia. Ndani mna vigauni vya mafrili, suruali za jinzi, fulana za katuni, soksi za vichanga na vikofia. Mwenye duka wa Mlandege anaziita zote kwa jina moja: nguo za watoto. Wakala wake wa forodha hana jina hilo. Yeye ana namba tu, na ili aipate namba sahihi lazima ajue jambo ambalo mama anayenunua nguo ya sikukuu halimpitikii kabisa: mtoto aliyekusudiwa kuivaa nguo hii amezidi sentimita 86, au hajazidi?

Namba hizo zimo katika orodha ya bidhaa ya Shirika la Forodha Duniani, lenye makao yake Brussels. Orodha ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1988, na tarakimu zake 6 za mwanzo ni zilezile ukienda Guangzhou, Dubai au Unguja. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeongeza tarakimu 2 mwishoni, zikawa 8. Nguo zina sura mbili. Sura ya 61 ni ya zile ambazo kitambaa chake kimepigwa vitanzi, kama fulana na sweta, ukikivuta kinanyumbuka. Sura ya 62 ni ya kitambaa cha mtande na mshindio, yaani nyuzi za wima na za mlalo zilizopishana, kama shati la skuli au suruali ya jinzi. Katika kila sura, nguo za vichanga zimetengewa kifungu chao: 6111 kwa zenye vitanzi, 6209 kwa zile nyingine. Na kichanga, kwa mujibu wa maelezo ya sura hizo, ni mtoto mdogo ambaye kimo chake hakizidi sentimita 86.

Hakuna mahali paliposemwa miezi 18 wala miaka miwili. Sababu si ngumu kuiona. Umri haushikiki. Viwanda viwili vinaweza kuandika "miezi 18 hadi 24" kwenye lebo, kimoja kikakata nguo ya mtoto mnene na kingine ya mtoto mwembamba. Watoto wenyewe pia hawaendi sawa. Kwa viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa kike wa miaka miwili ana kimo cha kati cha sentimita 86 hivi, na wa kiume sentimita 87 na kitu. Lakini nenda kliniki yoyote Chake Chake siku ya kupima watoto uone wenye umri mmoja walivyopishana. Sentimita haina mjadala. Hata washonaji wa Ulaya hupanga saizi za watoto kwa kimo, wakiruka sentimita 6 kila hatua: 74, 80, 86, 92. Saizi 86 bado ni kichanga, 92 keshatoka.

Kwa nguo za Uchina, ambazo ndizo zimejaa madukani kwetu, lebo nyingi pia zinaandikwa kwa kimo, ila hatua zake ni za sentimita 10: 80, 90, 100, 110. Tazama mpaka unapokatia. Vigauni viwili vya kitambaa kimoja, rangi moja, maua yaleyale, kiwanda kimoja, kimoja saizi 80 na kingine 90, vinaingia nchini kwa namba mbili tofauti. Kinachohesabiwa hapo ni kimo cha mtoto, si urefu wa nguo. Nimewahi kumsikia mtu akibisha kwamba gauni lake lina sentimita 50 tu, basi vipi lisiwe la kichanga? Gauni la sentimita 50 linaweza kumfika magotini mtoto anayekaribia kuanza skuli.

Faida ya mstari huo ni kwamba, chini yake, maisha ni mepesi. Kwenye 6111 na 6209 hakuna kuuliza kama ni ya mwanamme au mwanamke, gauni au suruali, koti au bibu. Soksi za kichanga, ambazo za mkubwa zina kifungu chake, huwekwa humohumo. Hata viatu vya kufuma kwa sindano visivyo na soli huingia. Swali linalobaki ni moja: uzi gani? Pamba, nyuzi za sintetiki kama poliesta, au nyingine. Ikiwa mchanganyiko, uzi uliozidi kwa uzito ndio unaotawala: pamba 60 kwa poliesta 40 huhesabiwa pamba tupu. Kwa hiyo ovaroli ya kichanga ya pamba, kitambaa cha mtande na mshindio, ni 6209.20, na mazungumzo yamekwisha. Waliotunga sheria walikuwa na busara hapa, nadhani, maana vazi la mtoto wa miezi minne mara nyingi hata anayelishona hajui aliite nini.

Pita sentimita 86 uone mambo. Ghafla sheria inataka kujua jinsia. Shati la mvulana liko na la wanaume, blauzi ya msichana iko na ya wanawake, suruali hali kadhalika. Na ikiwa nguo inafunguka mbele, inaangaliwa upande gani unalalia juu: wa kushoto juu ya wa kulia, ni ya kiume, wa kulia juu ya wa kushoto, ni ya kike. Kanuni hiyo huachwa pale mkato wenyewe unapojieleza, na kanzu ya mvulana inajieleza. Isiyotambulika kabisa hupelekwa upande wa kike. Kisha seti: shati na suruali vya kitambaa tofauti, vimefungwa kwenye mfuko mmoja na kuuzwa kwa bei moja, kwa muuzaji ni kitu kimoja lakini kwa forodha ni viwili, kila kimoja na kifungu chake. Zipo seti zinazokubaliwa kuwa moja, ila masharti yake ni makali: kitambaa kilekile, mtindo uleule, rangi ileile, na saizi zinazolingana.

Kofia ndiyo inayowashangaza wengi. Kofia haimo katika sura za nguo hata kidogo. Ina sura yake, ya 65, na kikofia cha mtoto aliyezaliwa jana kinaihama 6111 kwenda huko. Viatu vikishapigwa soli navyo huenda sura ya 64. Nepi zina kisa chao: za kitambaa zilikuwa zikihesabiwa pamoja na nguo za vichanga, mpaka toleo la 2012 lilipozihamisha nepi zote, za kufua na za kutupa, kwenye 9619, jirani na taulo za kike. Nguo za mashujaa wa katuni ambazo watoto huzivaa sikukuu kule viwanja vya Kariakoo, Unguja, na Tibirinzi, Pemba, ni nguo, si michezo, japo kigauni cha mwanasesere ni cha sura ya michezo.

Ilikuwaje zamani, kabla ya vurugu zote hizi? Zanzibar ilikuwa na jibu fupi. Mkataba wa 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani uliweka asilimia 5 kwa bidhaa zinazoshushwa, na Uingereza ikapata masharti ya namna hiyo mwaka 1839. Marekani, ile nguo nyeupe nzito iliyochukua jina la nchi ilikotoka, ililipa asilimia 5 kama bidhaa nyingine. Kazi ya kukusanya ushuru ilikodishwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, Jairam Shivji akiwa maarufu kuliko wote, na baadaye Taria Topan. Kiwango kikiwa kimoja, nani ahangaike kupima mtoto? Uainishaji unakuja pale viwango vinapoachana. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulipoanza 2005 ulikuwa na ngazi tatu, asilimia 0, 10 na 25. Tangu Julai 2022 ipo ya nne, asilimia 35, na nguo zilizoshonwa ni miongoni mwa bidhaa zilizotajwa kwa ngazi hiyo. Mzigo wa milioni 10, nauli na bima zikiwa ndani, kwa ngazi ya 35 unadaiwa milioni 3.5 kabla ya kodi nyingine.

Hapo mtu mwerevu atauliza: kama ngazi ni moja kwa kichanga na kwa mkubwa, ya nini kuzozana juu ya sentimita 86? Kwanza, namba ni ya dunia nzima, na si kila nchi iliyoweka kiwango kimoja. Pili, marekebisho ya ushuru hutangazwa katika gazeti rasmi la Jumuiya kila mwaka wa fedha, na yanatangazwa kwa namba. La tatu ndilo linalomgusa mwenye duka: thamani unayoitamka hulinganishwa na ya bidhaa zenye namba hiyohiyo. Kivesti cha kichanga ni rahisi kwa sababu kina kitambaa kidogo. Kiandike kwenye namba ya nguo za wavulana na wanaume, na bei yake itaonekana kama ya mtu anayeficha. Hapo maswali yanaanza, mzigo unakaa, na sikukuu haimsubiri mtu.

Mitumba ina njia yake, 6309, na wengi wanadhani nguo yoyote iliyovaliwa inaingia humo. La. Lazima ionekane wazi imechakaa, na iwe imekuja kwa wingi au kwenye marobota, magunia na vifungashio vya namna hiyo. Hapo watoto na wakubwa huwekwa pamoja, kofia na viatu pia, bila kupima kimo cha mtu.

Kwa anayeagiza nguo mpya, kazi kubwa hufanyika kabla meli haijang'oa nanga. Mwambie muuzaji wa kule aitenganishe orodha ya mzigo: saizi 80 kurudi chini peke yake, 90 kwenda juu peke yake, na kila aina iandikwe uzi wake kwa asilimia. Neno "nguo za watoto, katoni 40" halimsaidii wakala wala afisa. Ukiwa na shaka na vazi fulani, sheria ya forodha ya Jumuiya inakuruhusu kuomba uamuzi wa awali kabla ya kuleta mzigo. Na usiporidhika na uamuzi uliotolewa bandarini, una siku 30 za kumwandikia Kamishna wa Forodha aupitie upya.