Blogu ilipokua ghafla: kazi nilizozipokea na nilizozikataa

Makala ya blogu yangu kuhusu kantangaze, nondo anayeharibu nyanya, niliiandika usiku mmoja, nikiwa nimetoka Ilula, Iringa, ambako nilimkuta mama mmoja aking'oa miche ya nyanya na kuirundika kando ya shamba. Huyu nondo, Tuta absoluta, aliingia Tanzania mwaka 2014, na wakulima wakampa jina lao wenyewe. Nilieleza jinsi kiwavi wake anavyojichimbia ndani ya jani, ndiyo maana dawa inayobaki juu ya jani haimpati, na jinsi mtego wa harufu ya jike unavyokuonyesha mapema kwamba ameshafika.

Makala ikasambaa kwenye magrupu ya WhatsApp. Wasomaji waliokuwa mamia kwa mwezi wakawa maelfu kwa siku. Kabla mwezi haujaisha nikawa na maombi ya kazi kutoka kwa wauza mbegu, wauza dawa, miradi ya mafunzo, hata kampuni ya simu.

Nilipokea yote. Nilikuwa nimeacha mshahara wa ubwana shamba na kila ankara niliiona ni kodi ya nyumba. Mvua zilipoanza, nyanya zikashambuliwa na bakajani, na kwenye blogu hapakuwa na neno hata moja kuhusu ugonjwa huo kwa sababu nilikuwa narekebisha tangazo la mtu kwa mara ya nne. Mkulima mmoja akanitumia picha ya majani yaliyoungua, akauliza: bwana shamba, mbona siku hizi huandiki? Swali lile liliniuma, na bado linaniuma.

Nikachukua daftari, nikaanza kuandika saa. Makala moja nzuri ni siku nzima shambani, saa sita za kuandika, saa mbili za kuhakiki majina ya viuatilifu, kisha siku tatu za kujibu maswali ya wasomaji. Hizo siku tatu sikuwa nazihesabu kabisa. Kazi ya mdhamini nayo ina maswali yake, tena mengi zaidi, kwa sababu msomaji anataka kujua bei na duka. Siku hizi bei yangu inabeba majibu hayo.

Swali la kwanza kwa kila ombi ni hili: yule aliyekuja kwa ajili ya kantangaze, hili litamfaa? Kampuni ya simu ililipa vizuri kuliko wote, lakini walipotaka mkataba mwingine nilikataa.

Kwenye dawa ndipo ninapokaa muda mrefu. Kwanza natazama kama kiuatilifu kimesajiliwa na TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Kisha nasoma maneno wanayotaka niyaandike. Kampuni moja ilitaka niseme dawa yao "inamaliza kabisa" kantangaze. Palipo na joto, mdudu huyu hutoka yai hadi nondo kwa mwezi mmoja hivi, kwa hiyo msimu mmoja wa nyanya unabeba vizazi kadhaa. Ukipuliza kiambato kilekile, yaani ile kemikali inayoua ndani ya dawa, mfululizo, wanaobaki ni wale wasiokufa kwacho, na hao ndio wanaozaa. Mkulima anatakiwa kubadilisha kundi la kiambato, yaani namna kinavyomuua mdudu. Kubadilisha jina la chupa tu hakutoshi. Mimi nikiandika "inamaliza kabisa", atanunua hiyo hiyo mwanzo hadi mwisho, na mwakani haitamsaidia yeye wala jirani yake. Niliwaomba wabadilishe sentensi, wakakataa, nami nikaiacha kazi. Makala yoyote iliyolipiwa naandika kwamba imelipiwa, juu kabisa, mstari wa kwanza.

Kuhusu fedha nitasema machache. Dai nusu kabla ya kuanza. Mimi niliwahi kusubiri malipo msimu mzima. Kumbuka kampuni itakata kodi ya zuio asilimia 5, kwa hiyo panga bei ukiijua, na udai cheti chake ili kihesabiwe kwenye kodi yako ya mwaka. Matangazo ya AdSense ya Google hayalipi mpaka ufikishe dola 100, usiyategemee kwa chakula.

Kitu cha kwanza kununua kwa hela ya ukuaji kilikuwa muda. Nilimchukua kijana aliyesomea kilimo, siku mbili kwa wiki, ajibu simu na kunipangia maswali yanayojirudia. Kamera ilingoja. Maswali yale ndiyo yamenipa makala zangu bora. Na kalenda sasa inafuata zao: kiangazi ni cha kantangaze, mvua ni za magonjwa ya ukungu kama bakajani, na mwezi wa kabla ya mvua sipokei mdhamini yeyote.

Wiki hii kuna maombi matatu mezani. Mawili ni matangazo ya mbolea ya maji, yote yanataka kutoka ndani ya mwezi huo niliouziba. Nimewaambia wasubiri au watafute mwingine. La tatu ni kikundi cha wakulima wa nyanya wanaotaka siku mbili za mafunzo ya mitego kabla kiangazi hakijakolea. Malipo yao ni madogo, ila wamekubali nipige picha na kuandika kila nitakachokiona shambani kwao. Naondoka Jumatatu.