Kumsaidia mjamzito aepuke pombe: maana yake nini?

Wahudumu wa afya wa Australia wanaposema "kumsaidia mama aepuke pombe", hawasemi kumkemea. Nasisitiza hilo mapema kwa sababu ndipo wengi tunapokosea.

Mjamzito akinywa, pombe hupita kwenye kondo la nyuma ikamfikia mtoto, na ini lake changa haliiwezi. Ubongo hujengeka miezi yote tisa, kwa hiyo ndio unaoumia zaidi. Madhara hayo huitwa kwa kifupi FASD (kwa Kiingereza, Fetal Alcohol Spectrum Disorder), na ni ya maisha yote. Wachache hutambulika usoni: macho madogo, mdomo wa juu mwembamba, kifereji cha chini ya pua kimefutika. Wengi hawana alama yoyote. Mwambie mtoto wa namna hii, "Nawa mikono, chukua daftari, funga mlango." Atanawa, kisha atasimama palepale, maji yakimchuruzika vidoleni. Mwalimu atamwita mkaidi, kumbe yale mengine hayakukaa kichwani.

Fitzroy Crossing ni mji mdogo katika eneo la Kimberley, jimbo la Australia Magharibi, na wakazi wengi wa bonde lake ni Waaborijini, yaani wenyeji wa asili wa Australia. Mwaka 2007, wakiwa wamechoka kuzika watu wao, wanawake wa huko, akiwemo kiongozi wao June Oscar, walipigania uuzaji wa pombe ya kununua na kuondoka nayo udhibitiwe, ikabaki bia nyepesi tu. Kisha wakaita watafiti wenyewe waje kuwapima watoto. Kati ya waliozaliwa 2002 na 2003, karibu mmoja kwa kila watano alikutwa na FASD. Kuyakubali majibu hayo hadharani kulitaka moyo. Lakini wajawazito wanaokunywa walipungua kutoka asilimia 61 mwaka 2010 hadi takriban 32 mwaka 2015.

Isidhaniwe kwamba Waaborijini wote ni walevi. Kwa uwiano, wasiokunywa kabisa ni wengi kwao kuliko kwa Waaustralia wengine. Ila wanaokunywa wamebeba mzigo wa ardhi iliyoporwa na watoto walionyang'anywa na serikali kwa vizazi. Mjamzito anayeogopa kwamba akisema ukweli kliniki atapokonywa mwanawe, atanyamaza. Ndiyo maana msaada huanzia kwenye swali la mkunga: kila mjamzito aulizwe, kwa sauti ileile ya kuuliza kama anakula vizuri, na jibu lolote lisimletee aibu. Aliyekunywa kabla ya kujua ana mimba aambiwe kwamba kuacha leo bado kunamfaa mtoto. Aliyezoea kunywa kila siku asiache ghafla peke yake. Amwone daktari, maana kuacha hivyo kunaweza kumdhuru.

Na mume? Naye aache. Mama atawezaje kukataa glasi ikiwa chupa iko mezani kwake kila jioni, na shangazi, shemeji na majirani wote wanamiminiana? Awe na nyumba ya bibi au dada pa kwenda kulala usiku wa mshahara, ambako kuna chai tu.