Nafasi ya kudahiliwa: vyama na michezo vina uzito gani?

Nafasi ya kudahiliwa ni makadirio ya jinsi mwombaji anavyotimiza vigezo vya chuo fulani, akilinganishwa na wenzake wanaogombea viti hivyo hivyo. Uzito wote umo katika "chuo fulani". Mwanafunzi wa shule ya kutwa kule Ahero, ambaye hajawahi kupanda jukwaa la tamasha la drama wala kuwa katibu wa chama chochote, hana nafasi moja anayotembea nayo kila mahali. Katika Chuo Kikuu cha Maseno ana nafasi yake, na katika chuo cha Marekani ana nyingine kabisa, kwa kuwa vyuo hivyo havihesabu vitu vile vile.

Nalitaja hili mapema kwa sababu nimewaona vijana wenye bidii wakikata tamaa kabla ya kutuma maombi, wakiamini kwamba kukosa vyama na michezo kumewafungia milango. Huniuma, maana katika vyuo vingi wanavyovitamani jambo hilo halimo hata kwenye hesabu.

Tuanze nyumbani Kenya. KUCCPS, taasisi ya serikali inayowapangia wanafunzi vyuo, hutazama matokeo ya KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza kidato cha nne. Shahada hudai wastani wa C+ au zaidi, na stashahada C-. Kisha huja pointi za klasta: masomo manne yanayohusiana na kozi, kila moja likiwa na pointi 12 kwa gredi ya A, jumla 48, yakipimwa pamoja na matokeo ya mtahiniwa kwa ujumla. Hakuna mahali pa kuandika kwamba ulikuwa nahodha wa voliboli. Kupima nafasi yako hapa ni kulinganisha tu pointi zako na za mtu wa mwisho aliyeingia kozi hiyo miaka iliyopita, ambazo KUCCPS huzionyesha kwenye tovuti yake. Tuseme una 34, na kozi ya ualimu unayoitaka ilifungwa kwa 30 mwaka jana na 31 mwaka juzi: umesimama vizuri. Kama ilifungwa kwa 34.2, uko ukingoni. Iweke kati ya chaguo zako, lakini usiiegemee peke yake. Kikomo hicho hupanda na kushuka kulingana na walioomba, kwa hiyo mwaka mmoja hautoshi kukuongoza.

Uingereza nako vyama havina nguvu sana. Cambridge, kwa mfano, hujali zaidi mapenzi yako kwa somo lenyewe: umesoma nini nje ya silabasi, na unaweza kulijadili vipi. Kikwazo cha Mkenya huko ni kingine, kwani vyuo vingi havimpokei mtu kwa KCSE pekee. Humtaka apitie A-Level, yaani masomo ya juu ya sekondari ya mtaala wa Uingereza, au mwaka wa msingi (foundation) kwanza.

Marekani ndiko hofu hii ina mashiko. Vyuo vyake vingi vyenye ushindani humtazama mwombaji kwa ujumla: alama, insha, barua za walimu, na alivyotumia muda wake nje ya darasa. Hata hivyo uzito wa kila kigezo hutofautiana, na huhitaji kubahatisha. Vyuo vingi hutoa kila mwaka hati iitwayo Common Data Set. Katika sehemu ya C7 chuo chenyewe hutia alama kigezo kimoja kimoja, shughuli za ziada zikiwemo, kwa ngazi nne: muhimu sana, muhimu, kinazingatiwa, hakizingatiwi. Ukikuta chuo kimeweka alama za darasani juu kabisa na shughuli kwenye "kinazingatiwa" tu, hicho kinakufaa kuliko kile ambacho jina lake unalisikia kila siku. Hii naiamini kuliko vikokotoo vya mtandaoni vinavyokupa asilimia. Havijasoma insha yako wala havijui shule uliyosomea.

Sehemu ya H6 ya hati hiyo hiyo huonyesha kama chuo huwapa ufadhili wanafunzi wa kigeni. Isome kwa makini. Vyuo vingi huangalia uwezo wa mgeni wa kulipa karo vinapoamua, na kwa mzazi wa Nyalenda au Kondele, mitaa ya Kisumu, huo ndio ukuta mkubwa. Vichache, kama Harvard, MIT na Amherst, havimnyimi mtu nafasi kwa ajili ya fedha. Lakini Harvard na MIT huchukua chini ya waombaji 5 kati ya 100, na huko ukurasa mtupu wa shughuli utakudhuru, hata alama ziwe nzuri namna gani.

Ila je, ukurasa wako ni mtupu kweli? Fomu ya Common App, inayotumiwa na vyuo vingi vya huko, ina nafasi 10 za shughuli, na kati ya aina za kuchagua kuna majukumu ya kifamilia na kazi ya malipo. Binti anayemsaidia mamake biashara kila Jumamosi, na jioni kuwapikia wadogo zake, ana mambo mawili ya kujaza tayari. Maelezo hayazidi herufi 150, kwa hiyo aandike kazi yenyewe, kwa Kiingereza bila shaka, jambo kama hili: "Nauza omena Kibuye na mama, natunza daftari la mtaji na madeni, nilianza kufunga pakiti ndogo kwa wateja wa jioni." Kisha ataje saa kwa wiki na wiki kwa mwaka, kwa ukweli. Asijitungie uenyekiti wa chama kisichokuwepo, maana barua ya mwalimu inaweza kumuumbua.

Barua hiyo ina kazi nyingine. Mwombe mwalimu aeleze shule ina nini na haina nini: kwamba vyama ni viwili, kwamba wanafunzi wa kutwa huondoka mapema kuwahi nyumbani. Wasomaji wa maombi humpima mtu kwa fursa zilizokuwepo pale alipo, lakini hawawezi kuijua shule ya Nyakach wasipoelezwa.

Miezi ya kungoja baada ya KCSE nayo huingia kwenye fomu hiyo. Ukifundisha hesabu watoto wa mtaani kwenu au ukishika kazi ya duka, andika tarehe ulizoanza na saa unazofanya tangu wiki ya kwanza, kwa sababu fomu itauliza saa kwa wiki na wiki kwa mwaka.