Programu za simu na maneno ya kwanza ya mtoto: dhana zilizoenea na ukweli wake

Ukiingia kwenye duka la programu za simu na kutafuta zinazowafaa watoto wadogo, utakuta mamia ya programu zilizoandikwa kuwa ni za elimu. Wazazi wengi huamini kwamba kuna mtu aliyezikagua kabla hazijapewa jina hilo. Kwa sehemu kubwa hakuna. Anayeiweka programu kwenye kundi la elimu ni mtengenezaji mwenyewe, na hadaiwi ushahidi kwamba yupo mtoto aliyewahi kujifunza neno hata moja kwa kuitumia. Kuanzia mwaka 2020 duka la Google Play limekuwa likiweka alama kwenye programu zilizopitiwa na walimu, nayo ni hatua nzuri, lakini zisizo na alama hiyo ni nyingi kuliko zilizo nayo.

Mwaka 2021 watafiti wa Marekani walizipitia programu zaidi ya 100 za watoto zilizokuwa zikipakuliwa sana. Walizipima kwa vigezo vinne: je, mtoto anafikiri au anabonyeza tu? Je, anabaki kwenye jambo lenyewe au anavurugwa na milio na zawadi? Je, anachojifunza kinahusiana na maisha yake? Je, kinamkutanisha na mtu mwingine? Zaidi ya nusu zilipata alama za chini. Kwa hiyo neno “elimu” kwenye tangazo lichukuliwe kuwa ni dai la muuzaji. Madai ya namna hii yamewahi kufika mahakamani: mwaka 2012 Tume ya Biashara ya Marekani iliwashtaki wauzaji wa Your Baby Can Read, video na kadi zilizodaiwa kuwafundisha watoto wachanga kusoma, kwa sababu madai yao hayakuwa na uthibitisho.

“Neno likirudiwa vya kutosha, litamkaa mtoto kichwani”

Hii ndiyo dhana iliyozaa nyingine zote, na programu nyingi zimejengwa juu yake: picha, sauti, picha, sauti. Mtoto ametulia, macho hayabanduki kwenye skrini, na mzazi anaridhika kwamba maneno yanaingia. Kurudia kuna faida yake. Lakini kwa mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili, sauti inayorudiwa na kifaa humfundisha kidogo mno ikilinganishwa na sauti ya mtu aliye mbele yake.

Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle walichapisha utafiti ambao kila mzazi angefaa kuujua. Waliwachukua watoto wa miezi tisa waliokuwa wakilelewa kwa Kiingereza wakawasikilizisha Kichina. Kundi moja lilikaa na wasemaji wa Kichina waliowasomea vitabu na kucheza nao, vikao 12. Watoto wengine walikipata Kichina hichohicho kwa video au kwa sauti tupu. Walipopimwa, waliokaa na watu waliweza kutofautisha sauti za Kichina ambazo mtoto aliyezoea Kiingereza pekee huanza kuzipoteza katika umri huo. Wale wa video na wale wa sauti hawakuwazidi watoto ambao hawakuwahi kusikia Kichina kabisa. Mzazi anayemwashia mtoto programu ya lugha ya kigeni ili “masikio yazoee” azingatie hilo.

Utafiti mwingine, ulioongozwa na Judy DeLoache na kuchapishwa mwaka 2010, uligusa maneno yenyewe. Watoto wa miezi 12 hadi 18 walionyeshwa nyumbani kwao, kwa wiki nne, video iliyouzwa kwa ajili ya kukuza msamiati. Hawakujifunza maneno mengi kuliko watoto ambao hawakupewa chochote. Waliofanya vizuri zaidi ni wale ambao wazazi wao hawakupewa video bali orodha ya maneno yaleyale, wakaambiwa wajaribu kuwafundisha katika shughuli za kila siku kwa namna waliyoona inafaa. Tena wazazi walioipenda video ndio walioamini kwamba watoto wao wamejifunza mengi, wakati vipimo havikuonyesha hivyo. Hapa ndipo ninapopatilia uzito zaidi ninapozungumza na wazazi: kuridhika kwetu na programu hakutuambii lolote kuhusu kilichoingia kichwani mwa mtoto.

Kwa nini iwe hivyo? Neno halimfikii mtoto likiwa peke yake. Ni lazima ajue limetaja nini kati ya vitu vyote vilivyo mbele yake, na ili kujua hilo huyafuata macho na kidole cha anayesema. Michael Tomasello na Michael Jeffrey Farrar walionyesha mwaka 1986 kwamba mtoto hulishika neno vizuri zaidi mtu mzima anapotaja kitu ambacho mtoto tayari anakitazama, kuliko anapomvuta akitazame kingine. Mtu huona mtoto ameangalia wapi, akasema kuhusu hapo hapo. Programu hutaja kilichopangwa kutajwa, hata kama mtoto anautazama ukingo wa simu.

Kuna pia kujibiwa. Mtoto wa miezi minane anayesema “ba-ba” na mama akamjibu papo hapo kwa tabasamu au mguso huanza kutoa sauti zilizo karibu zaidi na usemi. Mama akimchangamkia vilevile lakini bila kufuata wakati wa sauti zake, mabadiliko hayo hayaonekani. Mtoto anajifunza kwamba sauti yake inaleta jambo, na huo ndio mwanzo wa mazungumzo hata kabla ya neno la kwanza.

“Programu humjibu mtoto akiigusa, kwa hiyo si kama televisheni”

Hoja hii ina ukweli ndani yake. Heather Kirkorian na wenzake walichapisha mwaka 2016 utafiti wa watoto wa miaka miwili hadi mitatu waliofundishwa maneno mapya kwa skrini ya kugusa. Wadogo zaidi miongoni mwao walijifunza pale walipotakiwa kugusa mahali mahususi panapohusiana na neno. Kugusa popote tu hakukuwasaidia. Kwa hiyo mguso unaweza kumwongoza mtoto kwenye kile kinachotajwa, iwapo programu imetengenezwa kwa uangalifu. Programu ambayo ukiigusa popote inapiga mlio na kurusha nyota humfundisha mtoto kugusa.

Halafu kuna kuhamisha alichojifunza. Watoto wa miezi 15 walioonyeshwa kubonyeza kitufe kwenye skrini walishindwa mara nyingi kufanya hivyo kwenye kichezeo halisi chenye kitufe kilekile, na hata walioonyeshwa kwa kichezeo walitatizika kwenye skrini. Picha bapa na kitu cha kushika mkononi, kwa umri huo, ni kama nchi mbili zisizopakana. Ndiyo maana mtoto anayemtambua ng’ombe wa kwenye simu huweza kumtazama ng’ombe halisi bila kuonyesha dalili yoyote kwamba anajua jina lake.

“Amelitamka, basi analijua”

Mtoto anaweza kuiga sauti bila kujua inataja nini, na anaweza kujua neno miezi kadhaa kabla ya kulitamka. Elika Bergelson na Daniel Swingley walionyesha mwaka 2012 kwamba watoto wa miezi sita hadi tisa tayari hutazama picha sahihi wanapotajiwa baadhi ya vyakula na viungo vya mwili, wakati wengi wao hawajasema lolote. Ukitaka kujua programu imemsaidia nini, zima simu, mpe muda, kisha muulize kitu hicho mahali pengine: kiko wapi? Akikionyesha au akikifuata, neno ni lake.

“Skrini yoyote huharibu usemi wa mtoto”

Wanaosema hivi nao wamevuka mpaka, ingawa nawaelewa wanavyohofia. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba watoto walio chini ya mwaka mmoja wasitazame skrini kabisa, wa mwaka mmoja vilevile wasikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne wasizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Madaktari wa watoto wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2016, waliacha nafasi moja kwa walio chini ya miezi 18: simu za video za kuzungumza na watu.

Nafasi hiyo ina sababu. Mwaka 2014 Sarah Roseberry, Kathy Hirsh-Pasek na Roberta Golinkoff waliwafundisha vitenzi vipya watoto wa miezi 24 hadi 30. Waliofundishwa ana kwa ana walijifunza. Waliofundishwa kwa simu ya video, ambapo mwalimu aliwasikia na kuwajibu, nao walijifunza. Waliotazama video iliyorekodiwa hawakujifunza. Kioo kilikuwepo kwa makundi mawili, lakini aliyewajibu alikuwepo kwa moja tu.

Bibi anayezungumza na mjukuu kwa simu ya video, basi, anamfundisha maneno kwa namna ambayo programu yenye picha elfu haiwezi. Na ukitaka kuchunga jambo moja tu ndani ya nyumba, chunga simu yako mwenyewe. Katika utafiti wa mwaka 2017 akina mama waliwafundisha watoto wao wa miaka miwili vitenzi viwili, na kimoja kati ya hivyo kilikatizwa katikati na simu iliyoita. Watoto walishika kile ambacho hakikukatizwa tu, ingawa vyote viwili vilitajwa idadi sawa ya mara.

Kwa mtoto aliyetimiza miaka miwili programu nzuri inaweza kuwa na kazi. Chagua isiyo na matangazo, inayokwenda polepole, inayotaja vitu ambavyo mtoto anaviona maishani mwake, na inayoweza kusimamishwa ili mzungumze. Kisha kaa naye. Akigusa picha ya kikombe, mwonyeshe kikombe chake. Hapo simu imewapa cha kuzungumzia, na wewe ndiye unayefundisha. Kuna hatari moja ya kuiangalia: programu zenye vitufe na milio mingi huwafanya wazazi waseme “bonyeza hapa, usiguse hapo” badala ya kuzungumzia hadithi, na hilo limeonekana hata kwa vitabu vya kielektroniki.

“Amechelewa kusema, tumwekee programu”

Dhana hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, kwa sababu inakula muda ambao mtoto anauhitaji. Watoto wengi husema neno la kwanza karibu na mwaka mmoja, na karibu na miaka miwili huunganisha maneno mawili. Mtoto ambaye kwa miezi 12 hatoi sauti za kujaribu kusema wala haonyeshi vitu kwa kidole, au kwa miezi 18 hana neno, au wa umri wowote aliyekuwa na maneno akayapoteza, apelekwe kwa wataalamu bila kusubiri. Jambo la kwanza ni kupima masikio yake. Mtoto asiyesikia vizuri hatasaidiwa na programu inayotoa sauti, hata ikiwa nzuri namna gani. Wala asitolewe lugha moja ya nyumbani kwa kudhani kwamba lugha mbili ndizo zilizomchelewesha. Kukua na lugha mbili hakusababishi tatizo la usemi.

Lakini kwa watoto wenye ulemavu wa usemi ipo aina ya programu iliyo tofauti kabisa na hizi za kufundisha maneno: za mawasiliano, ambazo mtoto hugusa alama na kifaa kikasema kwa niaba yake. Wazazi wengi huzikataa wakiogopa kwamba mtoto atazembea na hatasema kamwe. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2006 hayakumpata hata mtoto mmoja aliyepungukiwa na usemi kwa sababu hiyo, na wengi wao usemi uliongezeka. Hata hapo, wataalamu wa tiba ya usemi huwataka wazazi wasimwachie mtoto kifaa peke yake, bali nao waguse alama zilezile wanapozungumza naye, ili mtoto aone jinsi watu wanavyozitumia kusema.