Nani Anaruhusiwa Kupeleleza? Rangi na Upelelezi katika "Devil in a Blue Dress"

Kazi yangu ni kuchambua miswada ya filamu, na kila inapozungumzwa filamu ya uhalifu inayosimulia enzi zilizopita, watu hutaka kwanza kujua kama ina waigizaji Weusi wa kutosha. Mimi huanza kwa kuuliza nani anayepeleleza, na kama rangi yake inabadilisha namna upelelezi wenyewe unavyokwenda. Sijaona filamu inayolijibu swali hilo vizuri kuliko "Devil in a Blue Dress" ya 1995, iliyoongozwa na Carl Franklin kutokana na riwaya ya Walter Mosley.

Tuko Los Angeles, mwaka 1948. Easy Rawlins, anayeigizwa na Denzel Washington, ni askari aliyerudi vitani, amefukuzwa kazi katika kiwanda cha ndege, na anahofia kushindwa kulipa mkopo wa nyumba yake. Hofu hiyo ina historia. Amri ya Rais Roosevelt ya 1941 ilipiga marufuku ubaguzi katika viwanda vya silaha, na Weusi wengi wakahama Texas na Louisiana kufuata ajira hizo. Nyumba zilikuwa ngumu zaidi kupata, kwani ni Mei 1948 tu Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua kwamba mahakama haziwezi kutekeleza mikataba iliyozuia nyumba kuuzwa kwa wasio Wazungu. Ukilijua hilo, unaelewa kwa nini Easy anapokea fedha za mtu asiyemwamini hata kidogo.

Mtu huyo, DeWitt Albright, anamtaka amtafute Daphne Monet, mwanamke anayependa vilabu vya Weusi. Albright ni Mzungu, na huko akiuliza jambo kila mtu atanyamaza, Easy atajibiwa. Upande wa pili wa mji mambo yanageuka: binti wa Kizungu anapomsemesha gatini, vijana wa Kizungu wanamzingira, na polisi wanampiga wakati wa mahojiano. Mpelelezi tuliyemzoea katika filamu za aina hii huingia popote, kwa tajiri na kwa jambazi, na hatari humkuta akiwa ameshaingia. Easy hupimwa mlangoni. Huwezi kumweka Mzungu katika nafasi yake bila kuandika upya karibu kila onyesho, na kwangu hicho ndicho kipimo cha uwakilishi uliofika ndani ya muswada.

Siri ya Daphne (asiyeiona filamu aruke aya hii) ni kwamba ana damu ya Kiafrika na anaishi kama Mzungu, akiwa mchumba wa tajiri aliyekuwa mgombea wa umeya. Kanuni za maadili zilizosimamiwa kwa ukali Hollywood tangu 1934 zilikataza kuonyesha mapenzi kati ya Weusi na Wazungu. Filamu ya "Pinky" ya 1949 iligusa siri ya aina hii, lakini mhusika wake mkuu Mweusi aliigizwa na Jeanne Crain, Mzungu. Franklin alimchagua Jennifer Beals, ambaye baba yake alikuwa Mmarekani Mweusi, na uamuzi huo unayapa uzito maungamo ya Daphne, kwa sababu mtazamaji haombwi kujifanya anaamini.

Ninapoishiwa na sifa ni kwa Coretta, anayeigizwa na Lisa Nicole Carson. Analala na Easy usiku mmoja, anamwambia anachokijua kuhusu Daphne, kisha anauawa, na kuanzia hapo kifo chake kinabaki kuwa sababu ya polisi kumwandama Easy. Hatuambiwi alikuwa na ndoto gani katika mji ule ambao nao ulimfungia milango. Filamu iliyompa mwanamume Mweusi nyumba, deni, woga na akili haikumpa mwanamke Mweusi hata onyesho moja lililo lake, ingawa ndiye aliyeufungua upelelezi wote.