Kwa nini wino wa makapeni hutokea upande wa pili wa karatasi?

Umenunua kitabu cha kupaka rangi cha watu wazima, kimejaa maua na majani yaliyochorwa kwa mistari myembamba. Unapaka ua la kwanza kwa makapeni, linapendeza. Unafunua ukurasa, na doa lile lile limeshatokea nyuma, juu ya picha ambayo hujaigusa bado. Hapo wengi huilaumu kalamu, wengine kitabu. Kila kimoja huenda ni kizuri, ila havikufaa kukutana.

Karatasi ni nyuzi za mimea zilizoshikamana, na kati ya nyuzi hizo mna vinafasi vidogo mno. Kimiminika kikivigusa huvutwa ndani, kama utambi unavyovuta mafuta ya taa. Makapeni ya spiriti ndiyo yanayopenya zaidi, kwa kuwa alkoholi husambaa upesi ndani ya nyuzi, na hata karatasi nene haiizuii sana. Lakini sifa hiyo hiyo ndiyo inayoyafanya yapendwe: mstari mpya huchanganyika na uliotangulia, na eneo pana linatoka laini bila michirizi. Makapeni ya maji hupenya kidogo, ila ukirudia mno mahali pamoja karatasi hulowa na uso wake huanza kuchubuka.

Kwa hiyo anza na kifaa unachopenda kushika, ndipo utafute kitabu. Uzito wa karatasi hupimwa kwa gramu kwa mita moja ya mraba. Karatasi ya kawaida ya printa ni gramu 80, na ile nene ya wachoraji wa rangi za maji mara nyingi ni 300. Kwa penseli, gramu 120 ni raha tupu. Kwa makapeni ya maji ningetafuta 150 au zaidi. Vitabu vingi havitaji uzito, basi inua ukurasa mmoja kwenye mwanga: ukiona vizuri picha ya upande wa pili, hicho ni cha penseli. Anayetumia makapeni ya spiriti asihangaike na gramu, achague kitabu kilichochapishwa upande mmoja tu na aweke karatasi ngumu chini ya ukurasa anaoupaka.

Penseli za rangi nazo si za namna moja. Zenye nta nyingi ni laini, huacha rangi iliyokolea bila kukandamiza, ila huisha haraka na ncha hukatika kwa urahisi. Baada ya siku kadhaa huweza kutoa utando mweupe juu ya picha. Usidhani ni kuvu: ni nta iliyopanda juu, na kitambaa laini huiondoa. Zenye mafuta ni ngumu kidogo na hukaa na ncha kali muda mrefu, kwa hiyo hufaa vipande vidogo. Zote mbili zinataka karatasi yenye mkwaruzo kidogo wa kukamata rangi. Kwenye karatasi inayoteleza hazishiki tabaka la pili wala la tatu, na bila tabaka hakuna kivuli. Makapeni, kinyume chake, hupenda uso laini.

Na picha zenyewe? Mwaka 2005 watafiti wawili wa Marekani, Nancy Curry na Tim Kasser, walichapisha jaribio la wanafunzi 84 waliotiwa wasiwasi kidogo kwanza, kisha wakapaka rangi. Waliopewa mandala, yaani michoro ya duara yenye mpangilio, au michoro ya mirabamiraba, walitulia zaidi kuliko waliopewa karatasi tupu. Lakini mpangilio haumaanishi msongamano. Kama kipande kidogo cha picha ni chembamba kuliko ncha ya kalamu yako, utakuwa unapigana nacho, na sioni utulivu wowote hapo.

Kama picha itatundikwa ukutani, angalia alama ya uimara wa rangi kwenye mwanga. Makapeni mengi ya spiriti hutumia rangi zilizoyeyushwa, ambazo mwanga huzififisha upesi. Penseli bora hutumia chembe za rangi zinazodumu zaidi, ingawa si kila rangi ndani ya boksi moja hudumu sawa. Waridi na zambarau ndizo za kuangaliwa kwanza.